Ankara Imelala Ofisini: Mwongozo Kamili wa Kudai Malipo Yako Uganda

Wafasiri, wapiga picha, wachoraji na watengenezaji tovuti wa Kampala, Jinja, Mbarara na Arua wananiletea kilio kimoja: kazi niliikabidhi, mteja akaisifu, sasa mwezi wa tatu napigwa danadana. Nikiomba kuona walichomwandikia mteja, nakuta karibu wote wamejikwaa pahali pale pale. Wanamsumbua mtu aliyewapa kazi, na mtu huyo hashiki pesa. Pesa iko kwa mhasibu, ambaye hajawahi kuiona kazi yako. Anachokiona yeye ni karatasi, na karatasi ikiwa na upungufu anaiweka kando na kushika inayofuata.

Kwa hiyo hapa tutaifuata ankara (invoice) mkono kwa mkono, tangu kabla haijaandikwa mpaka pesa iingie. Ikiwa tayari unadai, soma vifaa vinavyohitajika, kisha ruka uende hatua ya 3. Huenda ukagundua kwamba ankara yako haijawahi kuanza safari.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Namba yako ya mlipakodi (TIN) kutoka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Mashirika na kampuni nyingi hazimlipi mtu asiye nayo.
- Jina kamili la mteja kama lilivyosajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni. Jina la kwenye bango la barabarani au la mradi halitoshi.
- Makubaliano ya maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari kumi.
- LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza kazi, ikiwa mteja ni taasisi inayozitumia.
- Maelezo ya akaunti ya benki, jina likilingana herufi kwa herufi na lililo kwenye ankara.
- Jina na simu ya mtu wa idara ya fedha.
- Daftari moja, la karatasi au la kompyuta, la kuandika kila simu, tarehe na ahadi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni ni mali.

## Hatua ya 1: Andika masharti kabla hujagusa kazi

Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 500,000. Sheria hiyo hiyo inayakubali maandishi ya kielektroniki, mradi yaweze kufunguliwa na kusomwa tena baadaye. Barua pepe yenye masharti yako, ikijibiwa "tumekubali", ni mkataba. Ujumbe wa WhatsApp nao unafaa, lakini mteja akikubali kwa simu au kwa sauti iliyorekodiwa, mwandikie mara moja: "Kama tulivyoongea leo, tumekubaliana hivi," kisha subiri ajibu.

Huu ni mfano wa masharti ya kazi ya tafsiri. Ibadilishe iendane na yako:

> Kazi: kutafsiri kijitabu cha kurasa 60 kwenda Kiswahili. Bei: shilingi 2,400,000. Asilimia 40 italipwa kabla ya kuanza, asilimia 40 rasimu ikikabidhiwa, na asilimia 20 ndani ya siku 14 tangu ankara ya mwisho. Mteja atatoa maoni ndani ya siku 7 za kazi. Asipotoa, rasimu itahesabiwa kuwa imekubaliwa. Kazi itasimama ikiwa malipo ya hatua iliyotangulia yamechelewa zaidi ya siku 7. Hakimiliki itahamia kwa mteja malipo yote yakikamilika.

Sentensi ya maoni ndani ya siku 7 ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo inayookoa pesa nyingi. Ankara nyingi hukwama kwa sababu afisa mmoja "bado anaipitia" kazi. Bila tarehe ya mwisho ya kupitia, kazi yako haiishi kamwe, na kazi isiyoisha hailipwi.

Sentensi ya hakimiliki nayo ina sababu nzito. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, kazi iliyoagizwa ni mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Maana yake, usipoandika chochote, mteja anaweza kuwa na haki zote za nembo au tafsiri yako huku wewe bado unangoja shilingi ya kwanza.

Faini ya kuchelewa mimi siiwekei matumaini. Mhasibu wa taasisi hana fungu la bajeti la kulipia faini yako, kwa hiyo ataipita tu. Haki ya kusimamisha kazi ina nguvu zaidi, kwa sababu inamgusa afisa anayesubiri kazi hiyo kwa ajili ya ripoti yake.

Onyo: taasisi zingine zitasema sera yao hairuhusu kianzio, yaani malipo ya kabla ya kuanza kazi. Usibishane na sera. Omba malipo ya hatua: sehemu ya kwanza ilipwe sura tano za mwanzo zikikabidhiwa. Hilo wengi hulikubali, maana wanalipia kitu walichokwisha kukishika. Akikataa kianzio na hatua pia, na humfahamu, iache kazi hiyo.

Hatua hii imefaulu ukiwa na jibu la maandishi la "tumekubali" na kianzio kimeingia. Kabla ya hapo usifungue faili.

## Hatua ya 2: Mtafute anayelipa

Siku ile ile unapokubaliwa, muulize afisa aliyekupa kazi maswali manne. Ni rahisi kuyajibu sasa, wakati anakuhitaji:

1. Ankara iandikwe kwa jina gani hasa?
2. Inapokelewa na nani, na anapatikana kwa simu ipi?
3. Mnalipa siku gani za wiki au za mwezi?
4. Nani wanatia saini, na wako wangapi?

Swali la tatu linafungua mengi. Ofisi nyingi hazilipi kila siku. Hukusanya ankara na kuzilipa kwa mkupuo, tuseme Ijumaa moja kila wiki mbili. Ankara inayofika Alhamisi jioni inalala wiki mbili bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Ikiwa mteja ni shirika lisilo la kiserikali, ongeza swali la tano: mradi unafungwa lini? Mradi ukifungwa, fungu lake la bajeti nalo linafungwa, na mhasibu anayekupenda hata sana hana mahali pa kuandika malipo yako. Kwa ofisi ya serikali, kumbuka kwamba mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Pesa isiyotumika hadi siku hiyo inarudi hazina. Kazi ya serikali inayokamilika Mei, ankara yake itembee Mei hiyo hiyo. Ukiiacha mpaka Julai, deni lako linaingia kwenye malimbikizo, na huko foleni ni ndefu.

## Hatua ya 3: Andika ankara isiyoweza kurudishwa

Hapa nina kovu langu. Niliwahi kungoja miezi minne malipo ya kijitabu cha afya kutoka ofisi moja mjini Kampala. Nilimwandikia afisa wa mradi mara kumi na moja. Nilipokwenda mwenyewe, mhasibu alivuta droo, akaitoa ankara yangu na kunionyesha: nilikuwa nimeandika jina la mradi badala ya jina la shirika. Hakuwa na ruhusa ya kulipa ankara iliyoandikwa kwa jina lisilokuwa na akaunti. Ilikuwa imelala pale muda wote huo, na hakuna aliyeona ni wajibu wake kuniambia. Nilishuka Wandegeya, nikachapa nyingine, nikairudisha alasiri hiyo. Nililipwa siku ya tisa.

Ankara yako iwe na haya yote:

- Neno "Ankara" juu kabisa, au "Invoice" kama ofisi inafanya kazi kwa Kiingereza
- Namba yake ya pekee, kwa mfano 2025/014
- Tarehe ya kuitoa na tarehe kamili ya mwisho ya kulipa
- Jina la kisheria na anwani ya mteja, pamoja na namba ya LPO
- Jina lako, TIN, simu na barua pepe
- Kazi iliyofanywa na tarehe iliyokabidhiwa
- Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno
- Benki, tawi, jina la akaunti na namba yake

Usiandike "malipo ndani ya siku 14" peke yake. Andika "ilipwe kabla ya Ijumaa" na tarehe yake. Siku 14 kila mtu huzihesabu anavyotaka. Tarehe haina mjadala.

Kuhusu kodi ya zuio. Serikali na kampuni zilizoteuliwa na URA hukata asilimia 6 malipo yakijumlishwa yakizidi shilingi milioni moja. Kwenye kazi yetu ya shilingi 2,400,000 watakata 144,000, nawe utapokea 2,256,000. Hujaibiwa, basi usianzishe ugomvi. Dai cheti cha kodi hiyo, kwa sababu kinapunguza kodi ya mapato utakayolipa mwisho wa mwaka. Wengi huondoka bila cheti na hivyo kulipa mara mbili.

Kuhusu EFRIS. Ikiwa umesajiliwa VAT, lazima utoe ankara ya kielektroniki kupitia mfumo huo wa URA, na mhasibu hatagusa nyingine. Ikiwa hujasajiliwa, muulize mapema anahitaji nini kutoka kwako, usije ukaambiwa siku ya malipo.

## Hatua ya 4: Ifikishe, upate ushahidi kwamba imefika

Tuma kwa barua pepe kwa mhasibu, ukimwekea nakala afisa aliyekupa kazi. Kisha, kama ofisi iko mji ulipo, chapa nakala mbili uende nazo. Mapokezi wabaki na moja, na kwenye ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Piga picha nakala hiyo kabla hujatoka mlangoni.

Naona vijana wengi wanaidharau safari hii, kwamba mambo yote siku hizi ni ya mtandaoni. Lakini muhuri ule unamaliza kabisa lile jibu la "ankara haijafika kwangu", na ukifika mbele ya hakimu ni ushahidi asioweza kuukana mtu.

Onyo: usikabidhi faili za mwisho pamoja na ankara ya mwisho kama mteja bado anadaiwa hatua iliyotangulia. Mpe PDF yenye alama ya maji (watermark), au picha za ubora mdogo. Tovuti ibaki kwenye seva yako ya majaribio. Haya yote uwe umeyaandika kwenye hatua ya 1, yasionekane kama hila.

## Hatua ya 5: Kumbusha kabla hawajachelewa

Siku tano kabla ya tarehe ya mwisho, mwandikie mhasibu, si afisa:

> Habari za asubuhi. Ni kuhusu ankara 2025/014 ya shilingi 480,000, iliyopokelewa kwenu tarehe 3 na inayotakiwa kulipwa tarehe 17. Tafadhali nijulishe kama kuna karatasi yoyote inayopungua ili niilete mapema. Ahsante kwa kazi.

Ujumbe huu haudai kitu. Unauliza kinachopungua, na swali hilo linamlazimu aifungue faili yako. Akiifungua, kasoro inaonekana ikiwa bado kuna muda wa kuirekebisha.

Tarehe ikipita bila malipo, piga simu siku inayofuata, asubuhi. Usingoje wiki kwa kuona haya. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kila siku unayonyamaza, matanga hayo yanasogezwa mbele.

## Hatua ya 6: Jua kila jibu lina maana gani

Hapa ndipo watu hupotea. Wanapewa jibu, wanaridhika, wanarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili wanaanza upya. Kila jibu lina swali lake la pili. Uliza hilo la pili.

"Mtia saini yuko safarini." Mara nyingi ni kweli, maana taasisi nyingi hulipa kwa saini mbili. Uliza anarudi siku gani, kisha uliza hili ambalo ndilo muhimu: "Na ankara yangu imo kwenye faili inayomngoja?" Ikiwa haimo, safari ya mkubwa haihusiani na wewe.

"Bado hatujapata kibali cha idara." Maana yake afisa wako hajatia saini kwamba kazi imepokelewa. Hili ndilo jambo la kumpigia simu afisa. Mwombe saini hiyo tu, usimlalamikie kuhusu pesa.

"Mfadhili hajaachia pesa." Hili ni zito. Uliza fungu linalofuata linatarajiwa lini, na mradi unafungwa lini. Omba jibu kwa barua pepe. Kama hawana tarehe, simamisha kazi yote iliyobaki kwa mujibu wa masharti yenu, leo hii.

"Ankara sijaiona." Usibishane. Tuma picha ya nakala yenye muhuri papo hapo, pamoja na ankara yenyewe, na umwombe aithibitishe kabla hujakata simu.

"Wiki ijayo." Uliza siku. Akisema Jumatano, mwandikie dakika hiyo hiyo: "Ahsante, nimeandika Jumatano tarehe 24." Ahadi ya mdomo hufifia, iliyoandikwa humkumbusha mwenye kuitoa. Ikipita Jumatano, piga Alhamisi na utaje ujumbe huo kwa upole.

Kimya. Nenda. Fika saa tatu asubuhi, umevaa vizuri, na nakala mkononi. Salimia mapokezi, sema jina la mhasibu na namba ya ankara, kaa. Huna haja ya kupandisha sauti. Mtu mwenye adabu aliyeketi mapokezi kwa utulivu ni mgumu kumsahau kuliko barua pepe ishirini.

Utajua unasonga mbele majibu yakianza kuwa na tarehe na majina ndani yake. Yakibaki ya jumla kwa wiki tatu, nenda hatua ya 7.

### Mteja akiwa ni mtu mmoja

Mwenye duka Kikuubo au mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Nasser Road ndiye mhasibu, mtia saini na mwenye mali. Muhuri na LPO havimhusu. Pesa yake huingia kila siku na kutoka kila siku, na shule zinapofungua muhula, hasa Februari, karo za watoto hutangulia madeni yote. Kwa mtu kama huyu dai kianzio cha nusu, na salio kabla ya kukabidhi.

Akishakwama, mpendekezee alipe kidogo kidogo: "Mzee, tuanze na laki moja kila Jumamosi." Andikeni mpango huo, mtumiane kwa WhatsApp. Kila malipo ya sehemu ni kukiri deni, jambo litakalokufaa mbeleni. Akitumia MTN MoMo au Airtel Money, kubalianeni kwamba atume na ya kutolea, kwa sababu kutoa pesa kuna ada na ushuru wa asilimia 0.5 juu yake.

## Hatua ya 7: Barua ya madai

Siku 30 baada ya tarehe ya mwisho bila mpango wa maandishi, andika barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: mliafikiana nini na lini, kazi ilikabidhiwa lini, ankara ilipokelewa lini, kiasi kilichobaki, na kwamba unampa siku 14 kulipa kabla ya kwenda mahakamani. Ambatisha ankara yenye muhuri. Ipeleke kwa mkurugenzi au mmiliki na igongwe muhuri vilevile.

Andika bila tusi na bila vitisho. Barua hii ataisoma hakimu siku moja.

Uzoefu wangu ni kwamba madai mengi huishia hapa. Barua yenye tarehe mbele ya mkurugenzi humfanya aulize chini kuna nini, na swali la mkurugenzi hujibiwa siku hiyo hiyo.

Usifanye haya: usiende polisi kumkamatisha mteja, kwa kuwa deni la ankara ni shauri la madai, na polisi si wakusanya madeni. Usimwanike mtandaoni, ukageuka wewe mshtakiwa wa kashfa. Usiizime tovuti yake iliyokwisha kuwa hewani kama mkataba haukukupa haki hiyo. Hasara atakayopata ataidai kwako.

## Hatua ya 8: Mahakama bila wakili

Uganda ina utaratibu wa madai madogo, chini ya kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Husikilizwa na hakimu wa mahakama ya chini, na mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha upande wowote. Wewe na mteja mnaongea wenyewe. Zile siku 14 za barua ya madai ni sharti la kuanzia, ndiyo maana hatua ya 7 hairukwi.

Nenda mahakama ya eneo mteja alipo, umwulize karani fomu za madai madogo. Beba masharti yaliyokubaliwa, ankara, barua ya madai, picha za ujumbe zilizochapwa kwa mpangilio wa tarehe, na daftari lako. Panga karatasi hizo ili mtu asiyekujua aelewe kisa kwa dakika tano.

Kwa deni lisilozidi shilingi milioni 2 na mteja wa mtaani kwako, baraza la kijiji au mtaa (LC1) nalo lina mamlaka, na mwenyekiti mara nyingi anamfahamu mdaiwa. Deni kubwa kuliko milioni 10 linakwenda mahakama ya kawaida, na hapo mwone wakili.

Kisheria una miaka sita ya kudai deni la mkataba, au mitatu ikiwa mdaiwa ni serikali. Usiitumie. Maafisa huhama, kampuni hufungwa, simu zenye ushahidi huibwa kwenye teksi. Hifadhi nakala za kila kitu kwenye barua pepe yako tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 9: Mteja aliyechelewesha akirudi

Atarudi, hasa kama kazi yako ilikuwa nzuri. Fungua daftari uhesabu: alichelewa siku ngapi, na kwa sababu gani? Aliyechelewa siku 20 kwa kosa la karatasi ni mteja mzuri aliyehitaji ankara bora. Aliyekuzungusha miezi mitano mpaka barua ya madai, mpe masharti mapya kabla hata hujauliza kazi ni ipi:

> Karibu tena, nafurahi kwamba kazi ile iliwafaa. Kwa kazi mpya nitahitaji asilimia 70 kabla ya kuanza na asilimia 30 kabla ya faili za mwisho. Mkikubali, nitumieni LPO na jina la mhasibu wa sasa, nianze Jumatatu.